Cha juu ni cha nani? Kwa nini magari mengine hupanda bei siku yanapotoka dukani

Kila anayejua magari atakuambia kwamba gari jipya hushuka thamani pale tu linapotoka getini kwa muuzaji. Kwa magari mengi ni kweli. Lakini Agosti 2021, Toyota ilipoanza kuuza Land Cruiser 300 nchini Japani, mawakala wake waliwawekea wanunuzi karatasi ya kutia saini: naahidi sitaliuza gari hili ndani ya mwaka mmoja, wala sitalipeleka nje ya nchi. Hebu fikiria. Unalipa hela yako yote, halafu muuzaji anakuomba uahidi kwamba utabaki na ulichonunua. Atakayevunja ahadi alionywa kwamba safari nyingine asitegemee kuuziwa.

Kilichowatisha mawakala ni hesabu rahisi. Bei elekezi ya gari hilo Japani ilianzia yen milioni 5.1 na kufika milioni 8 kwa toleo la juu kabisa. Kufikia Januari 2022, Toyota ilikuwa inawaambia wateja kwamba anayeweka oda sasa anaweza kusubiri hadi miaka minne. Maana yake, aliyepata lake mapema ana vitu viwili mkononi: gari, na miaka minne ambayo mwenzake hana budi kuingoja. Hicho cha pili hakimo kwenye bei elekezi, ila kinauzika vizuri tu. Na kweli, Land Cruiser zenye kilomita chache kabisa zilianza kuonekana kwenye yadi za magari yaliyotumika, zikiuzwa ghali kuliko mpya.

Wajapani wanaiita biashara hii tenbai. Sisi neno letu tunalo siku nyingi: kulangua. Mlanguzi hununua kitu adimu kwa bei ya kawaida ili akiuze kwa bei ya kuruka. Kwa Tanzania neno hili lina kovu, kwa sababu mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya uhujumu uchumi na walanguzi wakasakwa nchi nzima. Leo utalisikia zaidi kwenye tiketi za mabasi ya kwenda Moshi na Arusha ikifika Desemba. Ile tofauti kati ya bei elekezi na bei ya mlanguzi tuiite kama madalali wanavyoiita: cha juu. Ninachotaka kukieleza hapa ni cha juu hicho kinatoka wapi, na ukimzuia mlanguzi asikichukue, kinakwenda wapi. Maana hakipotei.

Magari 5, wateja 8

Tuseme wakala ana magari 5 ya aina moja. Bei elekezi ni 100 (weka milioni, weka chochote). Wanaolitaka gari ni watu 8. Mmoja yuko tayari kutoa hadi 160. Wengine, kwa kushuka, wako tayari kutoa 150, 140, 130, 120, 115, 110 na 105. Yaani kwa wote wanane, 100 ni bei nzuri. Tatizo ni kwamba magari hayatoshi.

Kama wakala angeyapiga mnada, bei ingepanda mpaka watu watatu wakate tamaa. Ikipita 105 mmoja anatoka, ikipita 110 wa pili anatoka, ikipita 115 wa tatu anatoka. Wanabaki watano kwa magari matano, na bei inatulia kidogo juu ya 115. Tuseme 117. Hiyo ndiyo bei ambayo idadi ya magari na idadi ya watu vinalingana. Toa 100, unabaki na 17 kwa kila gari, au 85 kwa magari yote.

Sasa angalia: hiyo 85 imeumbwa na nani? Imeumbwa na aliyetengeneza magari 5 badala ya 8, na aliyeandika 100 kwenye kibandiko. Mlanguzi hata hajaingia dukani.

Haya, aingie. Waje walanguzi 8 ambao hawahitaji gari kabisa, kila mmoja aweke oda yake. Foleni inakuwa ya watu 16, na wakala, kwa kuwa hawezi kusoma mioyo ya watu, anapiga kura nani apate. Mteja wa kweli aliyekuwa na nafasi 5 kati ya 8, yaani zaidi ya 62%, sasa ana 5 kati ya 16. Hiyo ni 31%. Nafasi yake imekatwa nusu na watu ambao hawatawahi kulipeleka gari hilo hata sokoni kununua nyanya.

Mlanguzi aliyepata gari atauza bei gani? Wengi wanadhani atauza anavyotaka. Akitaja 150, mlanguzi mwenzake atataja 130, mwingine 120, na mwishowe wanarudi palepale, karibu na 117. Magari bado ni 5 na wenye haja bado ni 8, kwa hiyo bei ya kulinganisha haijasogea. Hesabu hii ingebadilika kama mlanguzi mmoja angeyakamata yote matano na kuamua kuficha mawili, lakini kwa gari linalouzwa na mamia ya mawakala jambo hilo ni gumu sana. Kwa kawaida mlanguzi hapangi bei ya mwisho. Kazi yake ni kuihamisha ile 85. Bila yeye, wateja watano wenye bahati wangeipata kama punguzo, kila mmoja akiondoka na gari la 117 kwa 100. Akiwepo, sehemu kubwa inaishia mfukoni mwake.

Wachumi wana hoja ya kumtetea, na ni hoja ya kweli kwa upande wake. Ukiwagawia magari watu watano kwa kura na kuwakataza kuuziana, jumla ya thamani wanayopata, kwa wastani, ni kama 644 (jumlisha zile namba nane, zidisha kwa 5, gawanya kwa 8). Ukiruhusu kuuziana, magari yanawafikia watano wanaoyataka zaidi, na jumla inakuwa 700. Kwa hiyo mlanguzi, pamoja na ubaya wake wote, analifikisha gari kwa anayelithamini zaidi.

Hapo kwenye neno "kuthamini" ndipo mimi huwa sikubaliani na hoja hiyo hadi mwisho. Namba 160 na 105 zinapima utayari wa kulipa, na utayari wa kulipa hutegemea sana umebeba nini mfukoni. Zahanati ya porini inayohitaji Land Cruiser kubebea wajawazito inaweza kuwa ndiyo yule wa 105, kwa sababu bajeti yake inaishia hapo. Wa 160 anaweza kuwa mtu anayetaka gari la nne. Kwenye kura zahanati ina nafasi. Kwenye soko la walanguzi haina hata moja.

Kwa nini kampuni yenyewe isiuze kwa 117?

Hili ndilo swali la kitoto lenye jibu zuri. Kama kuna 17 inayoelea juu ya kila gari, kwa nini mwenye kiwanda anaiacha iende kwa mtu baki?

Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu sana. Waliwauliza Wakanada wa kawaida, kwa simu, ni tabia gani za wafanyabiashara wanaziona ni za haki na zipi si za haki. Swali moja lilihusu magari kabisa: kuna uhaba wa modeli inayopendwa, wateja wanasubiri miezi miwili, na wakala aliyekuwa anauza kwa bei ya kibandiko sasa anaongeza dola 200. Je, ni sawa? Asilimia 71 walisema si haki.

Halafu watu wengine wakaulizwa swali lilelile, likiwa na badiliko dogo. Safari hii wakala alikuwa anauza kwa punguzo la dola 200 chini ya kibandiko, na uhaba ulipokuja akaondoa punguzo, akawa anauza kwa bei ya kibandiko. Asilimia 58 walisema inakubalika.

Mteja ameumia kwa dola 200 zilezile katika hali zote mbili. Kilichotofautiana ni kibandiko. Watu huichukua bei iliyoandikwa kama ahadi, na anayeipita anaonekana ametumia shida yao kujinufaisha. Kwenye utafiti huohuo, duka lililopandisha bei ya koleo la theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba lilihukumiwa na asilimia 82 kuwa limetenda isivyo haki. Dola tano tu!

Kampuni inayotegemea kukuuzia gari leo, kukuuzia vipuri miaka kumi, halafu kumuuzia mwanao gari lake la kwanza, inaogopa sana hukumu hiyo. Bora ipoteze 17 leo. Mlanguzi hana jina la kulinda. Anafanya kile ambacho kampuni inaona aibu kukifanya, anabeba lawama, na cha juu ndiyo mshahara wa kubeba lawama.

Marekani mambo yana sura nyingine kidogo. Kule wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea. Tangu sheria ya mwaka 1958 gari jipya lazima libandikwe bei ya kiwanda dirishani, lakini bei hiyo ni pendekezo tu, na kiwanda hakina uwezo wa kumlazimisha wakala aifuate. Basi mwaka 2021, chipu za kielektroniki zilipoadimika duniani, mawakala wengi hawakumsubiri mlanguzi. Walibandika karatasi ya pili pembeni ya ile ya kiwanda, wakaiita "marekebisho ya soko", na cha juu wakakichukua wao wenyewe. Kampuni ya ushauri ya AlixPartners ilikadiria kwamba uhaba huo ungepunguza magari milioni 7.7 duniani mwaka ule. Bei za magari yaliyotumika Marekani zilipanda zaidi ya 40% kati ya Januari 2021 na Januari 2022. Mapema 2022 Ford iliwaonya mawakala wake waache mtindo huo, na kwa pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, ikawaruhusu kumtaka mteja atie saini ya kutoliuza gari ndani ya mwaka mmoja.

Na usidhani hii ni dhambi ya ubepari peke yake. Ujerumani Mashariki, serikali ilipanga bei ya Trabant na ilipanga zitengenezwe ngapi. Foleni ikapita miaka kumi. Matokeo? Trabant iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu iliyotumika unaondoka nayo leo. Mfumo tofauti kabisa, itikadi tofauti, pengo lilelile.

Yen, kodi na usukani wa kulia

Turudi Japani, maana Land Cruiser ina mambo mawili yaliyoongeza pengo, na yote mawili hayahusiani na gari lenyewe.

La kwanza ni kodi. Japani inatoza kodi ya matumizi ya 10%, na bei elekezi unayoiona imeshaijumuisha. Bidhaa inayouzwa nje ya nchi haitozwi kodi hiyo, kwa hiyo mfanyabiashara anayesafirisha magari anaweza kudai arudishiwe. Kwa gari la yen milioni 5.1, kodi iliyomo ndani ni kama yen 464,000. Maana yake, kabla hajaongeza hata shilingi moja ya cha juu, muuzaji wa nje yuko mbele ya Mjapani wa kawaida kwa karibu nusu milioni ya yen.

La pili ni thamani ya sarafu. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama yen 115. Oktoba mwaka huohuo ilifika 150. Bei elekezi ya ndani haibadiliki kila wiki kufuata soko la fedha, kwa hiyo gari lilelile la milioni 5.1 lilikuwa kama dola 44,300 mwezi Januari na dola 34,000 mwezi Oktoba. Kwa mnunuzi anayefikiri kwa dola, kibandiko kimeshuka zaidi ya dola 10,000 bila Toyota kugusa kitu. Mtu akiona pengo kama hilo na akae kimya, huyo si mfanyabiashara.

Ndiyo maana ahadi ya Toyota ilitaja usafirishaji nje waziwazi. Kampuni ilieleza pia wasiwasi wa kiusalama, kwamba magari yanaweza kufika sehemu za dunia ambazo biashara nazo ina vikwazo. Hilo lina uzito wake, Land Cruiser zimeonekana kwenye vita nyingi. Ila nina hakika hesabu za foleni ya nyumbani nazo zilichangia.

Na hapa ndipo habari hii inafika Mombasa na Dar es Salaam. Japani inaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, na bandari zetu zimezoea kupokea magari yake yaliyotumika kwa maelfu. Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane na linalotumia usukani wa kushoto, lakini gari la miezi sita? Linapita bila shida. "Used" kwenye tangazo la yadi haina maana kwamba gari limechoka. Wakati mwingine ina maana kwamba limesajiliwa kwa jina la mtu mmoja Japani, likaendeshwa kutoka dukani hadi uwanja wa mnada, basi. Anayelinunua huku analipa cha juu cha yule wa kwanza, cha mnada, cha msafirishaji na cha yadi, kisha ushuru unakuja juu ya hivyo.

Dawa zilizojaribiwa

Dawa ya kwanza ni mkataba. Ford ilipotengeneza GT mpya, gari la mashindano la karibu dola nusu milioni, ilichagua wanunuzi kwa maombi na kuwafunga wasiuze kwa miezi 24. Mwanamieleka John Cena alipokea lake Septemba 2017, akaliuza mwezi uliofuata. Ford ikamshtaki. Kesi iliisha 2018 kwa maelewano, Cena akaomba radhi, na fedha walizokubaliana zikaenda kwenye hisani. Hadithi nzuri, lakini angalia ukubwa wake: Ford iliweza kumfuata mtu mmoja maarufu mahakamani kwa gari la bei ile. Kumfuata kila fundi magari wa Osaka aliyevunja ahadi ya Land Cruiser ni kazi nyingine.

General Motors walikwepa mahakama. Mwaka 2022 walitangaza kwamba kwa modeli kadhaa zinazogombaniwa, ikiwemo Corvette Z06, atakayeuza ndani ya miezi 12 atamfanya mnunuzi wa pili akose baadhi ya dhamana za kiwanda, na yeye mwenyewe hataruhusiwa kuweka oda ya magari ya aina hiyo. Huu ni ujanja wa maana zaidi ya mkataba wa Ford, kwa sababu haumwindi mtu. Unapunguza thamani ya kitu anachouza. Gari lisilo na dhamana haliwezi kuuzwa kwa 117, na cha juu kinajisinyaa chenyewe.

Mawakala wengine wa Japani walikwenda mbali zaidi: gari unaendesha wewe, lakini jina la mmiliki kwenye hati linabaki la wakala mpaka muda upite. Bila hati huwezi kuuza, mjadala umekwisha. Mimi naona hii ndiyo dawa kali kuliko zote, ingawa mteja wa kweli analipa gharama yake pia. Mtu aliyepata msiba au aliyepoteza kazi mwezi wa tano naye hawezi kuuza gari lake.

Kwa nini muda huwa mwaka mmoja, au miwili, na si siku 30 wala miaka mitano? Kwa sababu cha juu kinaoza kama samaki. Pengo lipo wakati kiwanda hakijawafikia wateja wenye hamu. Kila mwezi magari mapya yanatoka, wenye 160 na 150 wanapata yao, na wanaobaki kwenye foleni ni wale wa 115. Ukimchelewesha mlanguzi mwaka mmoja, mara nyingi anakuta soko limeshapoa.

Mfano hai ni Cybertruck ya Tesla. Magari ya kwanza yalikabidhiwa Novemba 30, 2023, na mkataba ulimtishia anayeuza ndani ya mwaka mmoja kwa faini ya dola 50,000 au zaidi. Hata hivyo mapema 2024 magari yaliyogharimu kama dola 100,000 hadi 120,000 yalipita kwenye minada kwa zaidi ya 200,000. Mwaka mmoja baadaye yaliyotumika yalikuwa yanauzwa chini ya bei ya kununulia. Waliofanya haraka walipiga hela. Waliochelewa miezi michache walibaki na lori la chuma lisilomtafuta mtu. Watu wakisimulia ulanguzi husahau hawa wa pili, lakini ndio wanaoeleza kwa nini cha juu kipo: sehemu yake ni malipo ya hatari.

Bahati nasibu nayo imejaribiwa. Toyota iliuza GR Corolla Japani kwa kura. Ni haki zaidi kuliko kumpendelea mteja anayefahamiana na meneja, lakini umeshaona hesabu ya juu: kama kuingia kwenye kura ni bure, walanguzi wataingia mpaka nafasi yako iwe robo ya ilivyokuwa. Na mnada? Watu wanauchukia, isipokuwa hela ikienda mahali pazuri. Januari 2022 Corvette Z06 ya kwanza kabisa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.6, zote kwa hisani, na watu walipiga makofi.

Madhara ambayo hayaonekani kwenye bei

Kama bei ya mwisho inabaki 117 awepo mlanguzi asiwepo, kuna ubaya gani zaidi ya mgawanyo wa ile 85? Upo mmoja ambao sidhani unazungumzwa vya kutosha, nao uko kwenye foleni.

Foleni ni kipimo. Mwenye kiwanda anaiangalia ili ajue aongeze mashine ngapi, aajiri wangapi, aagize chuma kiasi gani. Mlanguzi anayejiandikisha anahesabiwa kama mteja, lakini hitaji lake ni kivuli cha hitaji la mtu mwingine ambaye naye yupo kwenye foleni hiyohiyo. Hitaji moja linahesabiwa mara mbili. Pengo likifunga, vivuli vinatoweka vyote kwa mara moja.

Nafasi kwenye foleni ya Cybertruck, ilipofunguliwa Novemba 2019, iligharimu dola 100 zinazorudishwa. Dola mia, unarudishiwa! Kwa bei hiyo kuna sababu gani ya kutojiandikisha, hata mara tatu? Oktoba 2023 Elon Musk alisema waliojiandikisha wamepita milioni moja. Machi 2025 Tesla iliyaita magari yote iliyokuwa imeyatengeneza mpaka mwisho wa Februari mwaka huo ili yarekebishwe, na kwa hiyo hesabu yake ikajulikana: 46,096. Kwa wakati huo gari halikuwa adimu tena. Si wote walioyeyuka walikuwa walanguzi, tuwe wakweli. Bei ya kuanzia iliyotangazwa 2019 ilikuwa dola 39,900, na ilipofika siku ya kuuza ikawa 60,990, hapo hata mteja mwaminifu anarudisha mpira kwa kipa. Lakini foleni ya bure haikuweza kumtofautisha huyu na yule, na kiwanda kilichopanga mambo yake kwa kuitazama kilikuwa kinatazama picha ya kioo.

Ndiyo maana napenda amana isiyorudishwa kuliko ahadi ya karatasi. Weka 5 zisizorudi kwenye mfano wetu wa magari 5. Mlanguzi mwenye nafasi 5 kati ya 16 ya kupata 17 anategemea, kwa wastani, kama 5.3. Faida imebaki 0.3, na hapo hajahesabu muda wake. Akiongezeka mlanguzi mmoja tu, wastani unashuka hadi 5, na mwingine akija baada yake wote wanapata hasara. Foleni inajifunga yenyewe. Mteja wa kweli wa 160 hatishiki na 5. Wa 105 ataumia, na kwa ajili yake unaweza kuihesabu amana hiyo kama sehemu ya bei pale anapopata gari.

Suzuki walilazimika kuchagua njia ya haraka zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 walianza kupokea oda za Jimny Nomade, ile Jimny ya milango mitano inayotengenezwa India na kupelekwa Japani. Lengo lao lilikuwa kuuza 1,200 kwa mwezi. Ndani ya siku nne oda zilifika takriban 50,000, na wakafunga dirisha. Gawanya: miezi 41 na ushee, karibu miaka mitatu na nusu ya foleni kwa wikiendi moja. Ni wangapi kati ya hao elfu hamsini walitaka kuendesha Jimny, hakuna aliyewauliza walipokuwa wanaandika majina.